Habu ya USB ya matundu saba: kwa nini diski inagoma, na je, adapta itaunguza laptopu?

SWALI: Nina steshenari ndogo karibu na stendi kuu ya Moshi. Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB, moja la bluu na moja jeusi, kwa hiyo nilinunua habu ya matundu saba yenye vitufe vya kuwasha na kuzima kila tundu. Nimechomeka mausi, kibodi, printa, skana nyembamba isiyo na adapta, na diski ya nje ya terabaiti 1. Yanabaki mawili ya flashi za wateja. Mausi na kibodi havina shida. Diski inalia tik-tik-tik na haifunguki, skana inaishia katikati ya ukurasa, na mteja akichomeka simu achaji, vyote vinapotea kwa mpigo. Pembeni ya habu kuna kitundu cha duara cha adapta, lakini haikuja na adapta. Fundi mmoja kaniambia nitafute adapta, mwingine kanionya kwamba itaunguza laptopu. Ninayo adapta ya ruta ya zamani na kichwa chake kinaingia. Niitumie?

JIBU: Dada, adapta ya ruta usiichomeke kabla hujasoma maandishi yake, sababu utaiona hapo chini. Diski ihamishe leo hii kwenye tundu la bluu la laptopu, moja kwa moja, bila kupitia habu. Simu za wateja zipelekwe kwenye chaja ya ukutani. Mambo hayo mawili hayana gharama na yataondoa sehemu kubwa ya usumbufu. Kuhusu mafundi wako, wote wawili wamesema kweli: habu yako inahitaji adapta, na zipo habu ambazo ukizipa adapta zinarudisha umeme kwenye laptopu. Kujua yako ni ya aina gani ni kazi ya dakika mbili kwa multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme.

Tuanze na umeme wenyewe. Habu haizalishi umeme, inagawa tu. Isipokuwa na adapta, kila kilichochomekwa juu yake kinakula kutoka tundu moja la laptopu, kupitia waya mmoja mwembamba. Tundu la USB 2.0, ambalo kwako huenda ndilo lile jeusi, limepangiwa volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5. USB 3.0 iliyotoka mwaka 2008 ilipandisha hadi miliampea 900, wati 4.5, kwa kawaida ndiyo yenye ulimi wa bluu, ingawa watengenezaji wengine hawafuati rangi.

Hesabu ya USB 2.0 inakwenda kwa mafungu ya miliampea 100. Kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa fungu moja tu mpaka kijitambulishe kwa kompyuta na kuomba zaidi, na hakiwezi kuomba zaidi ya matano. Habu isiyo na adapta inachukua fungu moja kwa ajili ya chipu yake, yanabaki manne, na kila tundu linapata moja. Ndiyo maana kanuni za USB 2.0 zinataka habu inayotegemea umeme wa kompyuta peke yake isizidi matundu manne. Habu ya matundu saba isiyo na adapta haimo kabisa kwenye kanuni hizo. Ukiifungua ya kwako, kuna uwezekano mkubwa utakuta chipu mbili za matundu manne: tundu moja la chipu ya kwanza linalisha chipu ya pili, kwa hiyo yanabaki matatu upande mmoja na manne upande mwingine.

Sasa tuvipange vifaa vyako. Mausi na kibodi huomba miliampea 100 kila kimoja, ingawa matumizi yao halisi mara nyingi ni chini ya nusu ya hapo. Printa ina umeme wake wa ukutani. Kwenye USB inapitisha data tu, kwa hiyo kwenye hesabu hii iandikie sifuri. Flashi hula kati ya 50 na 200, zile za kasi zikizidi kidogo wakati wa kuandika. Skana bapa isiyo na adapta ni mlaji mkubwa anayejificha: taa yake na mota inayovuta kichwa cha kusomea vinaweza kufika 500 peke yao, na ndiyo maana inaanza vizuri halafu inakwama katikati, pale mota na taa vinapofanya kazi kwa pamoja. Diski ya nje ya inchi 2.5 ikishaanza kuzunguka hutosheka na 400 hadi 600, lakini katika sekunde chache za kuanza inaweza kudai karibu ampea 1 nzima. Jumlisha, bila simu, na umeshavuka ampea 1.5 kwenye tundu lililopangiwa nusu ampea.

Utauliza: kama hesabu ni mbaya kiasi hicho, mbona kompyuta haikatai tangu mwanzo? Kwa sababu habu za bei ya chini hudanganya. Kila kifaa cha USB hubeba maelezo yake, na humo habu hutamka kama ina umeme wake au inategemea kompyuta. Nyingi za matundu saba hutamka kwamba zina umeme wao wakati wote, adapta iwepo isiwepo. Laptopu inaamini, inaruhusu kila tundu liombe miliampea 500, halafu umeme wenyewe haupo. Unaweza kuliona hilo kwenye Windows: fungua Device Manager, shuka hadi sehemu ya USB, bofya mara mbili jina la habu, na kama ukurasa wa Power upo utaona habu inavyojieleza na kila kifaa kimeomba miliampea ngapi. Hiyo ni orodha ya maombi tu. Haikuambii kinachopita kwenye waya.

Upande wa laptopu nako kuna ulegevu. Chipu inayolinda tundu mara nyingi haikati umeme pale pale kwenye 500. Nyingi huvumilia ampea 1 au zaidi. Ndiyo maana vitu vidogo vinaendelea kufanya kazi na mtu anadhani habu ni nzima. Kinachoua diski kwanza ni kushuka kwa volti, kabla hata ulinzi wa laptopu haujaamka, na hapa inafaa tukae kidogo.

Diski nyingi za inchi 2.5 zinataka volti 5 zisizopungua wala kuzidi kwa asilimia 5, maana yake kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo mota haifiki kasi yake, kichwa cha kusomea kinarudishwa mahali pake pa kupumzikia, kinajaribu tena, kinarudishwa tena. Huo ndio mlio wa tik-tik-tik unaousikia. Wengi huusikia na kudhani diski imekufa. Inaweza kuwa imekufa kweli, lakini usiihukumu kabla hujaipa umeme kamili. Na usiiache ikilia hivyo saa nzima: kila jaribio linachosha mitambo ya ndani.

Volti zinapotelea njiani. Waya wa umeme ndani ya kebo nyingi za bei nafuu ni wa namba 28, wenye ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya habu ya sentimita 60 ni mita 1.2 za waya: omu 0.26. Kebo ya diski yenyewe, kama ni ile fupi iliyokuja nayo na ina waya mnene wa namba 24, ni kama omu 0.08 kwa nusu mita. Kila mahali panapochomekwa kitu kuna mguso wa chuma kwa chuma, kama omu 0.03 kwa kila pini kikiwa kipya. Kwako ni sehemu tatu zenye pini mbili za umeme kila moja, jumla 0.18. Vile vitufe vya kuwasha na kuzima navyo vina mguso wao. Kikiwa kizuri weka 0.05, kikiwa na vumbi au kimechakaa kinapita hapo kwa mbali. Ukijumlisha unapata omu 0.57. Diski ikidai ampea 1 inapoteza volti 0.57 njiani, na kama laptopu imetoa 5.0, inayofika ni 4.43. Skana, mausi na flashi vikivuta nusu ampea nyingine kupitia kebo ile ile ya habu, inashuka hadi karibu 4.27. Sasa ichomeke diski hiyo hiyo moja kwa moja kwenye laptopu kwa kebo yake: omu 0.08 za waya na 0.12 za migusano, unapoteza volti 0.2 tu, diski inapata 4.8 na inaamka.

Ndiyo maana habari ya kebo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda la kebo. Ukiona 28AWG/1P+24AWG/2C, maana yake jozi ya data ni namba 28 na nyaya mbili za umeme ni namba 24, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Ukiona 28AWG/1P+28AWG/2C, kebo hiyo iachie mausi na kibodi. Kebo isiyo na maandishi yoyote ichukulie kuwa ya pili. Na ile kebo ya kurefushia, inayouzwa ili mtu aisogeze diski hadi upande wa pili wa meza, ndiyo adui mkubwa kuliko zote.

Simu. Simu iliyochomekwa kwenye tundu la kawaida la data inatakiwa ivute 500 tu, na kwa habu yako hiyo peke yake ni bajeti nzima. Mbaya zaidi, baadhi ya habu zina matundu yaliyoungwa kama ya chaja, yaani nyaya mbili za data zimeunganishwa pamoja. Simu ikikuta nyaya hizo zimeungana inaelewa kwamba iko kwenye chaja ya ukutani na inavuta ampea 1.5 au zaidi. Hapo ulinzi wa laptopu unaamka na kuzima tundu zima, vifaa vyote vinapotea kwa pamoja, na Windows inaweza kutoa tahadhari kwamba kifaa kimetaka umeme mwingi kuliko tundu linavyoweza kutoa. Tundu likizimika hivyo, chomoa habu, zima laptopu kabisa, chomoa na chaja yake, subiri dakika kumi hivi ndipo uwashe. Kwenye laptopu nyingi linarudi lenyewe. Usilifanyie majaribio kwa kuchomeka diski tena na tena.

Tuje kwenye adapta, na ile ya ruta kwanza. Adapta za ruta nyingi ni za volti 9 au 12. Chache ni za 5. Kichwa cha duara cha milimita 5.5 kwa 2.1 kinatumika kwa zote hizo, kwa hiyo kuingia kwake hakukuambii lolote kuhusu volti. Habu nyingi za aina yako zinataka volti 5, na ndani yake hakuna kitu cha kushusha: kinachoingia kwenye kitundu cha duara ndicho kinachofika kwenye matundu ya USB. Ukiingiza 12, flashi za wateja, skana na mausi vyote vinapokea 12 kwa wakati mmoja. Habu hairekebishiki baada ya hapo, flashi zenye kazi za watu huenda zikafa, na kama habu inarudisha umeme, laptopu nayo inaingia hatarini. Kwa upande mwingine, habu nzuri za USB 3.0 zinazokuja na adapta ya volti 12 zina saketi ndani ya kushusha hadi 5. Ukizipa adapta ya 5 hazitawaka au zitayumba. Kwa hiyo angalia chini ya habu yako. Kama imeandikwa 5V, ni 5 tu. Kama haikuandikwa chochote wala boksi halisemi, usikisie. Kitundu hicho kiache kama kilivyo, na shida utaimaliza kwa kununua habu nyingine.

Ukishajua kuwa ni ya volti 5, tazama mchoro wa upande wa chanya. Kwenye vifaa hivi chanya huwa katikati ya kichwa, lakini hakikisha mchoro wa habu na wa adapta vinafanana. Kisha ampea. Diski ikiwa imehama, kwenye habu yako vinabaki mausi 100, kibodi 100, skana 500, flashi mbili tuseme 400, na chipu mbili za habu 200: jumla ni ampea 1.3. Adapta ya 5V 2A inatosha kwa karatasi, lakini nunua ya 5V 3A, kwa sababu adapta nyingi za mtaani hazifikii kilichoandikwa juu yake na nyingine volti zinaporomoka mapema. Ampea zikizidi mahitaji hakuna kinachoungua. Kifaa huvuta kinachohitaji tu. Zikipungua ndipo matatizo yanapoanza upya.

Sasa onyo la fundi wa pili. Katika habu iliyotengenezwa vizuri, umeme wa adapta na umeme wa laptopu haukutani: kuna daiodi au kitufe cha elektroniki kinachochagua mmoja na kuzuia mwingine usirudi nyuma. Katika habu ya bei ya chini nyaya zote mbili zimeunganishwa pamoja moja kwa moja. Ukiwasha adapta, volti 5 zake zinapanda hadi kwenye tundu la laptopu. Laptopu nyingi za sasa zina kinga ya kuzuia hali hiyo, lakini si zote, na si busara kuiegemea kila siku. Dalili zake ni kama hizi: umezima laptopu lakini taa fulani ndogo inabaki inawaka, au inagoma kuwaka vizuri mpaka uchomoe habu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chomoa habu kwenye laptopu na uondoe vifaa vyote juu yake. Ichomeke kwenye adapta yake sahihi. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kwenye kichwa cha kebo ya habu, kile kinachoingia laptopu, utaona pini nne za mbele. Mbili za pembeni ni ndefu kidogo kuliko za katikati, na hizo ndizo za umeme. Gusa hizo mbili, ukiwa mwangalifu ncha zisigusane na zisiguse ganda la chuma. Ikisoma sifuri au sehemu ndogo tu ya volti, habu ina kinga, tumia adapta kwa amani. Ikisoma karibu 5, inarudisha umeme. Kama huna multimita, fundi wa redio au simu yeyote pale mjini anayo, na kazi yenyewe haifiki hata kikombe cha chai.

Ikikutwa inarudisha, usiitupe bado. Fundi anaweza kuikata njia hiyo kwa kukata waya mwekundu ndani ya kebo inayokwenda laptopu, akiacha mweusi na zile mbili za data kama zilivyo. Kuanzia hapo habu itaishi kwa adapta peke yake. Bila adapta haitawaka kabisa. Waya mweusi usikatwe kwa hali yoyote, kwa sababu ndio marejeo ya data pia. Baadhi huziba pini kwa kipande cha utepe badala ya kukata. Kinafanya kazi mpaka siku kinapobanduka ndani ya tundu la laptopu, kwa hiyo sishauri.

Ukimaliza, mpangilio uwe hivi: diski kwenye tundu la bluu la laptopu, habu yenye adapta kwenye jeusi. Skana ichomeke kwenye habu lakini kwenye tundu ambalo kitufe chake kinabana vizuri. Halafu pima. Kuna mita ndogo za USB, zile za kuchomeka katikati zenye kioo kinachoonyesha volti na ampea. Ichomeke kati ya habu na skana, anza kuskani ukurasa mzima, na utazame tarakimu wakati kichwa kinatembea. Ikibaki 4.75 au zaidi, umemaliza. Ikiteremka kati ya hapo na 4.4, mausi na kibodi vitaishi lakini skana itakuchezea. Chini ya 4.4, adapta ni ya uongo au kitufe kimechakaa. Badilisha kwanza tundu, kisha adapta. Vitufe hivyo, kwa taarifa tu, hukata umeme bila kuiaga kompyuta. Usizime flashi ya mteja kwa kitufe kabla hujaitoa kwa utaratibu kwenye Windows.

Kuna sababu nyingine ya diski kukaa kwenye laptopu, nayo ni umeme wa ukutani. TANESCO wakikata, laptopu inaendelea kwa betri yake kama vile hakuna kilichotokea, lakini adapta ya habu inakufa papo hapo. Habu nyingine zinarukia umeme wa laptopu, lakini katika kuruka huko vifaa vyote hukatika na kuanza upya. Diski iliyokuwa inaandika faili wakati huo inaweza kuharibu faili hiyo, au jedwali zima la mafaili. Diski ikiwa kwenye tundu la laptopu haijui hata kama umeme ulikatika. Kama kompyuta yako ingekuwa ya mezani yenye UPS, ningekwambia adapta ya habu ichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo, upande wa betri na siyo upande wa kinga tu.

Matatizo mawili yanafanana na upungufu wa umeme lakini siyo. Diski inayotoweka baada ya kukaa kimya dakika kadhaa, kisha kurudi ukiichomoa na kuichomeka, mara nyingi imelazwa na Windows ili kuokoa betri. Kwenye mipangilio ya umeme tafuta sehemu ya USB na uzime ile inayoitwa USB selective suspend. Na mausi isiyo na waya inayorukaruka pale diski ya USB 3.0 inaponakili kazi kubwa inasumbuliwa na kelele za redio: USB 3.0 hutoa kelele katika eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo la mausi hizo. Sogeza kile kipokezi chake mbali na tundu la bluu; kwenye habu yako kitakaa vizuri tu.

Umetaja flashi za wateja, na hizo ndizo wageni wasiojulikana. Flashi iliyopinda au iliyolowa inaweza kuwa na shoti ndani. Habu nzuri ina ulinzi kwa kila tundu, kwa hiyo moja likipata shoti mengine yanaendelea. Habu nyingi za bei ya chini zina fyuzi moja ya kujirudisha kwa matundu yote, au hazina kabisa, na flashi moja mbovu inazima dawati zima. Ichungulie flashi kabla ya kuichomeka. Iliyolegea kichwa mrudishie mwenyewe.

Kwa wale walioko Arusha wanaoshusha picha za watalii kwa laptopu mpya zenye tundu la Type-C peke yake, hesabu ni ile ile ila tarakimu ni kubwa. Tundu la Type-C la laptopu linaweza kutoa hadi ampea 3 kwa volti 5, wati 15, lakini mengi hutoa nusu ya hapo au chini zaidi. Habu yenyewe, ikiwa na HDMI na tundu la mtandao, inakula wati kadhaa na ndiyo maana inapata joto. Ukipitisha chaja ya wati 65 ndani ya habu hiyo, habu hujiwekea akiba, mara nyingi wati 10 hadi 15, na laptopu inapata zilizobaki. Jambo la kuepuka ni kuchomoa au kuchomeka chaja wakati kadi za kamera zinanakiliwa: chaja na laptopu hujadiliana upya nani atoe umeme, na katika sekunde hiyo vifaa vya habu vinaweza kukatika. Chaja iingie kwanza, kadi baadaye.

Ikiwa utaishia kununua habu nyingine, dada, chagua iliyo na adapta yake ndani ya boksi, na usome pato la adapta hiyo kabla ya kulipa. Habu ya matundu saba yenye adapta ya 5V 1A inakupa miliampea 143 kwa kila tundu, pungufu hata ya flashi moja yenye njaa, iache dukani. Ya 12V 2A ni wati 24. Ukitoa zinazopotea katika kushusha volti, unabaki na kama ampea 4 kwenye volti 5, na hiyo inatosha skana, flashi zote, na hata diski ya pili siku utakapoihitaji. Kwa kazi ya steshenari matundu manne yenye adapta ya kweli yanakufaa kuliko saba yenye taa za rangi. Ukifika nyumbani, kabla ya kuichomeka kwenye laptopu, fanya kile kipimo cha pini mbili ndefu, wakati bado una risiti na dukani wanakukumbuka.